Fenibelti Isiyozungusha Feni

Hapa kwetu Uganda, fundi akifungua boneti na kuuona mkanda mweusi uliozunguka puli za injini, huuita fenibelti. Abiria huuita hivyo, wauzaji wa vipuri wa Kisekka huuita hivyo, na nilipokwenda Tanzania kwa mafunzo ya lugha nikakuta mafundi wa huko nao huuita hivyohivyo. Lakini katika magari mengi madogo ya leo mkanda huo hauzungushi feni yoyote. Feni ina mota yake ya umeme na huwaka yenyewe maji yanapopata moto. Jina limebaki baada ya kazi kuondoka. Mimi ni mwanafunzi wa lugha, si wa ufundi, na jina hili ndilo lililonifanya nianze kuuliza mkanda huu umetoka wapi. Baadaye niligundua kwamba swali langu linagusa pia fedha za watu, kama nitakavyoeleza.

Mkanda ni mkubwa kiumri kuliko gari. Katika karne ya 19 viwanda vya Uingereza na Marekani vilikuwa na injini moja ya mvuke au gurudumu moja la maji, na nguvu yake iligawanywa kwa mashine zote kupitia mhimili mrefu uliofungwa juu karibu na dari. Kutoka kwenye mhimili huo ilishuka mikanda bapa ya ngozi ya ng'ombe, mmoja kwa kila mashine. Mwanzoni viwanda vingi vilitumia gia za chuma badala ya mikanda. Huko Lowell, Massachusetts, fundi Paul Moody aliweka mikanda ya ngozi badala ya gia mwaka 1828, na viwanda vingine vya Marekani vikafuata, kwa kuwa mkanda ulikuwa rahisi, haukupiga kelele nyingi, na ukikatika ulishonwa tu.

Ubaya wake ulikuwa hatari kwa mfanyakazi. Mkanda unaokimbia hushika shati, hushika nywele, na haumwachii mtu. Sheria ya viwanda ya Uingereza ya mwaka 1844 iliwalazimu wenye viwanda kuzungushia uzio sehemu zinazozunguka, kwa sababu wanawake na watoto walikuwa wakivutwa na mashine. Nasema haya kwa makusudi. Fundi anapomwambia mwanagenzi avue saa, akunje mikono ya shati na azime injini kabla ya kugusa mkanda, anafuata kanuni iliyopatikana kwa damu za watu miaka mingi kabla gari la kwanza halijatembea.

Mkanda bapa haujatuacha kabisa. Waliokulia vijijini Uganda wanakijua kinu cha kusaga mahindi chenye injini ya dizeli ya Lister, ile ya Kiingereza inayozunguka taratibu na kutoa mlio wa kuhesabika. Injini husimama upande mmoja, kinu upande mwingine, na kati yao mkanda mrefu hupigapiga hewani. Mwenye kinu huusogeza kwa kijiti na hukemea watoto wasikaribie. Huo ni mhimili wa Lowell uliopunguzwa ukatosha kijiji kimoja.

Gari lilipokuja liliurithi mkanda huohuo. Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1908 hadi 1927, ilikuwa na feni mbele iliyozungushwa na mkanda bapa wa ngozi. Basi hapo ndipo jina fenibelti linapokuwa la kweli: mkanda wa feni, haukuwa na kazi nyingine. Model T nyingi hazikuwa hata na pampu ya maji. Maji yalizunguka yenyewe kwa kuwa ya moto hupanda na ya baridi hushuka. Mkanda ukikatika, dereva aliweza kuendelea na safari kwa uangalifu. Ngozi ililegea kwenye mvua na ikakauka kwenye jua, na mkanda bapa haukosi kuteleza ukilegea.

Mwaka 1917 John Gates, wa kampuni ya familia yake mjini Denver, Marekani, alitengeneza mkanda wa mpira na nyuzi wenye umbo la herufi V. Umbo hili linahitaji kuelezwa. Mkanda bapa hukaa juu ya puli na kuishika kwa upande mmoja tu. Mkanda wa V huzama ndani ya mfereji wa puli, na kadiri unavyovutwa ndivyo unavyojibana kwenye kuta mbili za mfereji, kama kabari inavyojibana kwenye gogo. Kwa hiyo mkanda mwembamba, bila kukazwa mno, unaweza kubeba kazi kubwa. Magari yalipoanza kupewa pampu ya maji, jenereta na baadaye alteneta, kompresa ya baridi na pampu ya usukani, mkanda wa V uliweza kuzungusha vyote. Kila kazi mpya iliongezewa mkanda wake. Injini ya miaka ya 1970 iliweza kuwa na mikanda mitatu au minne mbele, mmoja nyuma ya mwingine, na ule wa ndani kabisa ukikatika ilibidi yote ya mbele itolewe.

Hapa lazima niuzungumzie mpira wenyewe, kwa sababu sehemu ya historia yake ilipita kwetu. Mpira mbichi hulainika kwenye joto na hukakamaa kwenye baridi. Charles Goodyear aligundua mwaka 1839 kwamba ukichanganywa na salfa na kupashwa moto hutulia. Kutoka hapo dunia ikataka mpira mwingi kuliko uliokuwapo. Jirani zetu wa Kongo wanajua bei yake: katika Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili, hadi mwaka 1908, vijiji vilipangiwa kiasi cha mpira wa porini, na walioshindwa kukifikisha waliteswa, walikatwa mikono, waliuawa. Tanganyika ya Wajerumani ilikuwa na mashamba ya mpira yaliyoanguka bei zilipoporomoka mwaka 1913. Kwetu Uganda, Waingereza walijaribu kugema miti ya mpira ya porini katika msitu wa Mabira, ule tunaoupita tukienda Jinja. Wasafiri wengi huujua kwa kuku wa kuchoma wa Namawojjolo, na sidhani kama kuna anayekumbuka mpira.

Japani ilipoiteka Malaya na visiwa vya Indonesia mwaka 1942, mataifa ya Washirika yalipoteza karibu asilimia 90 ya mpira wao wa asili. Wanakijiji wa Kongo wakarudishwa msituni kwa nguvu kugema. Lakini safari hii kulikuwa na mpira wa maabara. Kampuni ya DuPont ya Marekani ilikuwa imetangaza mwaka 1931 mpira wa kutengenezwa uliokuja kuitwa neoprini. Huu ulivumilia mafuta na joto kuliko ule wa miti, na baada ya vita ukawa ndio mpira wa mikanda ya magari kwa miongo kadhaa. Nyuzi za pamba za ndani nazo zikapisha rayoni na kisha poliesta.

Neoprini ina tabia moja ambayo ndiyo kiini cha insha hii. Ikizeeka, hupasuka. Joto la injini huikausha, na nyufa hutokea kwa upande wa ndani, ukivuka mkanda kutoka ukingo hadi ukingo. Kwa hiyo fundi wa wakati huo alikuwa na kipimo kizuri: upinde mkanda, hesabu nyufa. Nyufa zikiwa nyingi na karibukaribu, au kipande kimedondoka, ubadilishe. Kama hakuna ufa, mkanda ni mzima. Kanuni hii ilipita kutoka kwa fundi hadi mwanagenzi, na ilikuwa sahihi.

Uganda ilikuwa na sababu ya pekee ya kuishika. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, ambao ndio waliomiliki sehemu kubwa ya biashara, pamoja na maduka ya vipuri. Vipuri vikaadimika. Fundi mmoja mzee wa Katwe, ambaye namwita Ssebo kwa heshima, alinisimulia jinsi walivyoishi miaka ile. Mkanda ulikuwa haubadilishwi mpaka ukatike, na ukikatika ulitafutiwa ndugu kutoka gari lolote lililokufa. Urefu ukizidi, alteneta ilisogezwa nje mpaka mwisho wa bolti. Ukipungua, walitafuta puli ndogo zaidi. Walikata pete za mpira wa ndani wa tairi na kuzifunga juu ya puli ili gari lifike mji unaofuata. “Mkanda wenye ufa mmoja tuliuuza kama mpya,” alisema, akacheka, kisha akaongeza kwamba siku hizo hakuna aliyelalamika. Mtu aliyefunzwa katika hali hiyo alijifunza kuuchungulia mkanda kwa makini sana, na alichochungulia ni ufa.

Wakati huohuo nje mambo yalikuwa yakibadilika. Mwaka 1979 Ford ilitoa Mustang iliyokuwa na mkanda mmoja mrefu kwa vifaa vyote. Mkanda huu ni bapa na mwembamba, lakini upande wake wa ndani una mistari, yaani V ndogondogo kadhaa zilizolala sambamba. Kwa kuwa ni mwembamba hujikunja kuzunguka puli ndogo, na mgongo wake pia unaweza kuzungusha puli, kwa hiyo hupita juu, chini na nyuma kama nyoka. Injini ikawa fupi kwa mbele, na fundi akawa na mkanda mmoja wa kubadilisha badala ya minne. Tenshena yenye springi huukaza yenyewe. Lakini sasa kila kitu kinautegemea huohuo. Zamani mkanda wa kompresa ukikatika ulikosa baridi tu. Leo katika magari mengi mkanda ukikatika taa ya betri huwaka, usukani huwa mzito, pampu ya maji husimama, na dereva ana dakika chache za kuegesha kabla injini haijachemka.

Nisichanganye hapa mkanda wa taiming, ingawa watu wengi huuchanganya. Ule una meno na hufichwa ndani ya kifuniko, nao huunganisha kranki na kamshafti ili valvu zifunguke kwa wakati wake. Mikanda ya meno ilibuniwa Marekani miaka ya 1940 na ilianzia kwenye cherehani, na gari la kwanza la kuuzwa kwa wingi kuwa nao lilikuwa Glas 1004 la Ujerumani, mwaka 1962. Kwetu unajulikana zaidi kwenye Hiace za dizeli, ambazo kwenye dashibodi zina taa iliyoandikwa T-BELT inayowaka gari likifikisha kilomita 100,000. Taa hiyo haiuoni mkanda. Inahesabu kilomita tu, na inaweza kuzimwa bila mtu kuugusa mkanda wenyewe. Kwa mwanafunzi wa historia ni mfano mzuri wa ushahidi ambao lazima kwanza uulize nani aliuandika.

Turudi kwenye mpira. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuendelea katika miaka ya 2000, watengenezaji wa mikanda ya mistari waliiacha neoprini na kuhamia mpira mwingine wa maabara unaoitwa EPDM, uliotokana na ethilini na propilini. Huu huvumilia joto vizuri zaidi, na mkanda wake hudumu mara nyingi zaidi ya kilomita 100,000. Na hupasuki kirahisi. Badala yake huisha kama soli ya kiatu. Kila mzunguko hung'oa unga kidogo, mifereji kati ya mistari hupanuka, mistari hukonda, na mkanda huzama chini zaidi kwenye puli mpaka unagusa mahali usipotakiwa kugusa. Hapo hukosa kubana. Huteleza. Kwa macho bado ni mweusi, laini, hauna ufa hata mmoja.

Mjomba wangu alikuwa na Toyota Wish aliyoinunua kwa mkopo wa kikundi, akibeba abiria kati ya Masaka na Mbarara. Katika injini ile pampu ya maji huzungushwa na mkanda huu tunaouzungumzia. Gari lilianza kulia asubuhi, kelele kali ya sekunde chache, kisha kunyamaza. Alilipeleka gereji. Fundi aliupinda mkanda kwa kidole, akautazama, akamwambia, “Mzee, huu mzima, hauna ufa.” Walipaka sabuni kidogo na kelele ikaisha kwa siku mbili. Wiki ya tatu, kwenye mlima, gari limejaa na baridi imewashwa, kipimo cha joto kilipanda. Mjomba aliendelea kidogo akitafuta mahali pa kuegesha. Gasketi ya silinda iliungua na kichwa cha injini kikapinda. Alirejesha mkopo kwa miezi kumi na minne bila gari la kumwingizia fedha, na binamu yangu alikosa muhula mmoja wa shule. Mkanda ulipotolewa ulikuwa mzima kama fundi alivyosema. Haukukatika hata wakati huo. Mistari yake tu ilikuwa imekuwa myembamba kama meno ya kitana.

Fundi yule hakuwa mvivu wala mwizi. Alifanya alichofundishwa, na aliyemfundisha alikuwa amefundishwa vizuri na mikanda ya neoprini. Kilichobadilika ni kitu kilicho ndani ya mpira, na kitu hicho hakina rangi tofauti wala harufu tofauti. Mabadiliko mengine ya gari hujitangaza. Kabureta ilipoondoka kila fundi aliona mahali palipokuwa na kabureta pana kitu kingine. Hili lilikuja kimya, ndani ya kifungashio kilekile.

Kwa hiyo mkanda wa leo unachunguzwaje? Niliuliza mafundi watatu na kusoma maelekezo ya watengenezaji, na haya ndiyo yaliyolingana. Injini izimwe na ufunguo utolewe. Mkanda utazamwe upande wa mistari kwa tochi, kote, kwa kuugeuza kidogokidogo, kwa sababu sehemu inayoonekana juu ni robo tu. Nyuzi zilizochomoza ukingoni, mstari uliong'oka, mng'ao kama wa kioo, au mafuta yaliyolowa ni sababu za kuubadilisha. Ufa bado ni ushahidi ukiwapo. Ila kutokuwapo kwake si ushahidi wa uzima. Kwa mkanda wa EPDM kuna kipimo kidogo cha plastiki chenye umbo la mistari: ukikibandika kwenye mifereji ya mkanda mzima, hukaa juu kikiwa kimeinuka kidogo, kikizama mpaka kulingana na mistari au chini yake, mkanda umekwisha. Hata bila kipimo hicho, kipande cha mkanda mpya kikilazwa kwenye mifereji ya ule wa zamani huonyesha tofauti ambayo jicho peke yake halioni.

Kelele nayo husema. Mwaga maji kidogo kwenye upande wa mistari injini ikiwa inanguruma, ukisimama mbali. Mlio ukinyamaza kwa muda kisha ukarudi, huenda puli hazijanyooka. Ukizidi, mkanda unateleza, umelegea au umeisha. Sabuni na dawa za kupaka huua ushahidi huu bila kuponya chochote.

Kuubadilisha si kazi ndefu, isipokuwa nafasi ni finyu. Chora kwanza njia ya mkanda kwenye karatasi au upige picha, maana kibandiko kilicho chini ya boneti mara nyingi kimeshafutika. Tenshena husukumwa kwa spana mpaka mkanda ulegee, kisha hutolewa kwenye puli iliyo rahisi kufikiwa. Wengi huharakisha kuvisha mpya hapohapo. Ssebo wa Katwe huzungusha kwanza kila puli kwa mkono, akisikiliza. Inayokwaruza au kuyumba ina beringi mbovu, na itauharibu mkanda mpya kama ilivyouharibu wa zamani. Kisha mkanda huvishwa, kila mstari ndani ya mfereji wake, na kabla ya kuwasha injini mtu hupitisha kidole kwenye kila puli kuhakikisha hakuna mstari uliokaa nje.

Namba ya mkanda ndiyo nyaraka yake. Ukiona 4PK1220, maana yake ni mistari minne na urefu wa milimita 1220. Kisekka wauzaji wengine hupima kwa kuning'iniza mkanda wa zamani kando ya mpya, njia inayotosha kujua urefu lakini haisemi lolote kuhusu aina ya mpira.

Nilipomweleza fundi aliyemhudumia mjomba habari za EPDM hakukasirika. Aliniomba nimwandikie kwa Kiswahili maelekezo ya kile kipimo cha plastiki, kwa sababu yapo kwa Kiingereza na wanagenzi wake wawili wanatoka Kongo na hawakisomi. Tumefanya kurasa tatu. Kwa mkanda wenyewe nilitaka kuandika “mkanda wa vifaa vya injini”, ambalo ni jina sahihi, lakini alikataa; alisema hakuna atakayejua ni kitu gani. Tumeandika fenibelti. Sasa ameanza kuletewa Toyota Prius, na ile ya mwaka 2009 na kuendelea haina mkanda wowote mbele ya injini: pampu ya maji ni ya umeme, kompresa ni ya umeme, usukani ni wa umeme. Ameniuliza pampu ya namna hiyo hukaguliwaje, na bado natafuta maelekezo yake.